Stika iko kiooni, breki ziko wapi?

Ndugu wasikilizaji, leo nina kisa kinachonihusu mimi mwenyewe, na ningependa mkisikie kutoka kinywani mwangu kabla hamjakisikia kwa majirani zangu wa Tegeta. Mtu anayekaa mbele ya maikrofoni kila juma kuwasema madereva wa daladala, mwendo wao, matairi yao vipara na milango yao iliyofungwa kwa kamba, hana budi kujisema na yeye siku mambo yanapomgeukia.

Mwaka 2024, Jumamosi moja asubuhi, nilitoka nyumbani na binti yangu wa miaka kumi na mmoja kwenda Bagamoyo kwenye arusi ya mtoto wa shemeji yangu. Gari langu ni Toyota Corolla iliyotengenezwa mwaka 1998. Nililinunua mwaka 2011 kwa mtu aliyeliagiza kutoka Japani, nami nimelitunza kama wengi wetu tunavyotunza magari yetu: nalibadilishia oili muda ukifika, nalipeleka kuoshwa kila Ijumaa, nalipigisha rangi linapochubuka, na likianza kulia sauti nisiyoielewa, naongeza sauti ya redio. Msicheke. Wengi wenu mnafanya hivyo hivyo.

Tukapita Boko, tukapita Bunju, tukaanza kuteremka kuelekea daraja la mto Mpiji, pale Dar es Salaam inapokwisha na Mkoa wa Pwani kuanza. Mbele yangu lilikuwapo lori la saruji likienda taratibu. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini kwenye zulia, kama mtu aliyekanyaga tope. Nikaunyanyua, nikakanyaga tena. Gari likapungua mwendo kidogo, kidogo tu, huku likivuta kushoto. Nikavuta breki ya mkono. Ikaja juu nyepesi kama mpini wa mwavuli. Upande wa kulia magari yalikuwa yanakuja mfululizo kutoka Bagamoyo. Upande wa kushoto, pembeni kabisa mwa barabara, alikuwapo mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, anapandisha mlima, uso ameuelekeza kwenye magari yanayokuja kama tulivyofundishwa sote shuleni.

Kufuata somo hilo ndiko kulikomwokoa. Aliniona. Akaiachia baiskeli na kujitupa majanini. Mimi nikaikumba baiskeli, mkaa ukamwagika juu ya boneti na kioo, gari likaingia mchangani na kwenda kusimama kwenye kichuguu.

Mzee alichubuka viganja na goti moja. Binti yangu hakuumia, ila alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mzee alikuja, akalitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyeketi nyuma. Kisha akaniuliza bila ya hasira: "Mwanangu, gari hili halina mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwamkia tu, "Shikamoo mzee," naye kwa ustaarabu wa watu wa pwani akaitikia marahaba, halafu akainama kuokota mkaa wake.

Askari wa usalama barabarani walifika, wakafanya kazi yao kwa utaratibu: wakapima, wakachora, wakaandika. Wakaomba leseni yangu, iko hai. Wakatazama bima, ipo, tena ukiingiza namba yake kwenye simu inakujibu. Wakatazama kioo cha mbele, wakaikuta stika ya Nenda kwa Usalama, na pembeni yake za miaka ya nyuma ambazo sikuzibandua, maana zilikuwa zinanipa fahari fulani. Mmoja wao akasema, "Karatasi zake zote ziko sawa." Hakuwa anakejeli. Zilikuwa sawa kweli. Kosa la kuendesha gari bovu nililikubali na faini nikalipa. Lakini nusu saa kabla ya hapo, mtu yeyote ambaye angenisimamisha Bunju angeniruhusu niende zangu, kwa heshima na safari njema.

Stika zile, ndugu wasikilizaji, nilizinunua. Neno hilo nalitumia makusudi. Mahali sitapataja wala mtu sitamtaja, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nilitoa fedha, nikapewa stika, nikaibandika mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyeinama kutazama chini ya gari langu, wala mimi sikuomba ainame. Malalamiko kwamba stika hununuliwa bila ya gari kuguswa si mapya. Yamesemwa hadharani miaka nenda miaka rudi, kila Wiki ya Nenda kwa Usalama inapokaribia. Mimi mwenyewe nimeyasoma malalamiko hayo kwenye taarifa ya habari, kisha nikatoka studio, nikapanda gari langu lenye stika, nikaenda nyumbani.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Magomeni ya Bagamoyo, kwa fundi mmoja kijana ambaye gereji yake ni kivuli cha mkungu na shimo alilolichimba mwenyewe. Cheti ukutani hana, maana hata ukuta hana. Aliingia shimoni na kurunzi, akakaa humo kitambo, kisha akaniita: "Kaka, shuka ujionee."

Nikashuka na suruali yangu ya arusi. Alikuwa anamulika bomba jembamba la chuma linalopitisha mafuta ya breki chini ya sakafu ya gari. Lilikuwa limevimba kwa kutu, na mahali pamoja lilikuwa limepasuka, mafuta yametapakaa. "Hili limepasuka leo," akasema. "Lakini ungekuwa na bomba hili tu bovu, ungesimama."

Akanifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyoshika usukani. Breki za gari zimegawanywa njia mbili makusudi, kila njia na magurudumu yake mawili, ili moja ikifa nyingine ikusimamishe. Njia yangu ya pili ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi: pistoni ya breki ya gurudumu moja la mbele iliganda kwa kutu, haitoki wala hairudi, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa limelowa mafuta yaliyovuja, viatu vya breki vinateleza tu. Kamba ya breki ya mkono nayo ilikuwa imeliwa na kutu imebaki nyuzi. "Ulikuwa unatembelea nusu breki, kaka, pengine mwaka mzima. Leo imeondoka nusu iliyobaki. Lilikuwa halivuti upande ukifunga breki?"

Lilikuwa linavuta. Nilidhani ni ubovu wa barabara.

Bomba, pistoni, viatu, kamba na kazi ya fundi, vyote pamoja vilinigharimu shilingi elfu tisini. Baiskeli mpya, mkaa na matibabu ya mzee, ukijumlisha, ilikuwa zaidi ya laki tatu. Arusi tulifika watu wanakula.

Sasa niwaulize, gari la namna hii nchini mwetu hukaguliwa lini? Sisemi basi wala daladala. Magari ya abiria na ya biashara, yale yenye namba nyeupe, ili yapate leseni ya LATRA hutakiwa kwanza kuonyesha ripoti ya ukaguzi wa trafiki. Ukaguzi huo una kasoro zake na tumeshazizungumza hapa mara nyingi. Lakini gari la namba ya njano, la kwangu na la kwako, linaaminiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na inampa askari uwezo wa kulisimamisha na kulitazama. Ila askari aliyesimama juani Mapinga ataona nini? Ataona taa, matairi, kioo, mkanda. Pistoni iliyoganda haionekani kwa macho ya mtu aliyesimama dirishani.

Zamani angalau ilikuwapo siku moja katika mwaka ambapo gari la mtu binafsi lilikutana na Serikali, nayo ni siku ya kulipia leseni ya barabara. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na sote tulishangilia, mimi nikiwamo. Sisemi irudi. Nasema tu kwamba tangu hapo kilichobaki ni bima, na bima ile ndogo ya kuwalinda wengine, ambayo wengi wetu ndiyo tunayokata, hukatwa kwa dakika tano kwenye simu, wala hakuna anayeuliza kama gari linasimama.

Hapa nataka tukumbuke magari haya yametoka wapi. Huko Japani, tangu sheria yao ya mwaka 1951, upo ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari la kutembelea likinunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na kuanzia hapo kila baada ya miaka miwili, mpaka litoke barabarani. Kwenda kulikaguza ni gharama, maana siku hiyo hulipiwa na kodi na bima kwa pamoja, na kila kilichochakaa hakina budi kubadilishwa. Gari likifika umri fulani, Mjapani anapiga hesabu, anaona afadhali aliuze. Hiyo ni mojawapo ya sababu za yale mameli ya magari kuja kushusha Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, gari limeuzwa kwa kuogopa ukaguzi, nasi tumelipokea mahali ambapo ukaguzi haupo. Kule lilikuwa linatazamwa kila miaka miwili likiwa bado kijana. Huku, likiwa mzee, halitazamwi kabisa.

Nitakosolewa nisiposema kwamba likiingia nchini hukaguliwa. Ni kweli. Shirika la Viwango, TBS, lina kiwango chake cha ubora wa magari yaliyotumika, TZS 698 cha mwaka 2012. Kwa miaka mingi ukaguzi ulifanywa na mawakala huko huko yanakotoka, na mwaka 2021 TBS ikaanza kuyakagua yanapofika hapa. Mtakumbuka pia moto uliowaka Bungeni mwaka 2012, baada ya wabunge waliokwenda Hong Kong na Singapore kusema kwamba ofisi za ukaguzi zilizoandikwa kwenye makaratasi hawakuziona. Nalikumbusha jambo hilo kwa sababu ni ugonjwa ule ule wa stika yangu, ila wa kiwango cha kimataifa. Hata hivyo, tuseme gari limekaguliwa sawasawa siku lilipoingia. Langu liliingia zaidi ya miaka kumi kabla ya siku ile ya Mpiji. Mtoto aliyechanjwa siku ya kuzaliwa, je, asipelekwe tena kliniki?

Isitoshe, sisi wa ukanda huu, tangu Kunduchi na Mbweni, Mapinga, Zinga na Kaole, hadi Bagamoyo yenyewe na mashamba yake ya chumvi ya Nunge, tunaishi na upepo wa bahari. Mabati yetu yanalijua jambo hilo, na vitasa vya milango yetu vinalijua. Gari linalolala Bagamoyo miaka kumi haliwezi kuwa sawa na la Dodoma, hata kama yalitoka kiwandani siku moja. Juu litang'aa, maana juu ndipo tunapopaosha. Chini linaliwa kimya kimya.

Majirani zetu nao wamelihangaikia jambo hili, kila mmoja kwa namna yake. Rwanda ilianza mapema: kituo cha polisi cha Remera, Kigali, kinapima magari kwa mashine tangu mwaka 2007, ya watu binafsi pamoja na ya abiria, na baadaye huduma ikasogezwa mikoani. Uganda ilitoa mkataba kwa kampuni ya SGS mwaka 2015. Watu wakanung'unikia ada na maana ya zoezi lenyewe, na ilipofika mwaka 2017 Bunge likataka lisitishwe. Kenya, ambako magari ya abiria na mizigo yamezoea kwenda kukaguliwa, ilichapisha mwaka 2025 rasimu ya kanuni za kuyaingiza na magari ya binafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne, na kelele za wenye magari zilisikika hadi huku. Waingereza walianza mwaka 1960 na magari yenye umri wa miaka kumi tu. Mengi yalifeli, hata mwaka 1961 umri ukashushwa hadi miaka saba, na mwaka 1967 hadi mitatu. Mfano huo wa mwisho ndio unaonivutia zaidi. Hawakuanza na kila gari. Walianza na wazee, wakaona yaliyomo, ndipo wakashuka.

Siku chache baada ya ajali nilirudi Bagamoyo kulichukua gari, nikapita mtaa wa Dunda kumsalimu mwalimu wangu mmoja wa zamani, sasa ni mstaafu, ana kigari chake chakavu kuliko changu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia ulitaka kuua watu Mpiji."

Habari husafiri. Tukaketi barazani, nikamweleza fikra zangu kuhusu ukaguzi wa lazima, nikidhani ataniunga mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu hivi. Mkianza ukaguzi wenu, alisema, watakaopita ni wawili: mwenye gari jipya, ambaye jambo hili halimhusu, na mwenye fedha ya kutoa, ambaye gari lake halitaigusa hiyo mashine yenu. Mimi mwenye kigari cha kumpelekea mke wangu kliniki ya sukari ndiye nitakayeambiwa njoo kesho. Na keshokutwa. "Mwanangu, huo utakuwa mradi wa watu. Wewe tengeneza gari lako, uniache na langu."

Nakiri kwamba nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa yake ni kweli. Tukichukua utaratibu wa stika tulionao, tukaupa jina jipya na ada kubwa zaidi, tutakuwa tumempiga mwalimu wangu kofi bila ya kumponya mtu hata mmoja. Tena naona stika isiyo na ukaguzi ni mbaya kuliko kutokuwa na stika kabisa. Asiye na stika huwa na wasiwasi; mimi nilikuwa nazo sita, nikalala usingizi.

Lakini siwezi kumkubalia hilo la kumwacha na lake. Niliwaza habari hii nikiwa ufukweni siku ile ile, karibu na forodha ya zamani, maji yametoka, mashua imelazwa ubavu juu ya magogo. Fundi anakalafati: anasokota pamba, anaipigilia kwa patasi kwenye viungo vya mbao, tak, tak, tak. Nahodha mwenyewe yuko pembeni, anagonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza sauti yake. Hakuna aliyemlazimisha. Kila chombo kinapopandishwa hufanya hivyo, kwa sababu chombo kikivuja, anayezama wa kwanza ni yeye. Mwenye gari hayuko hivyo. Breki zangu zilipokufa, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mkanda kifuani, chuma mbele yangu na chuma nyuma yangu. Aliyekuwa anazama ni mwenye mkaa. Ubovu ni wa kwangu, barabara ni ya wote, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwenye hiari ya mwenye gari, awe mimi au mwalimu wangu.

Wapo watakaosema takwimu haziko upande wangu, kwa kuwa trafiki wenyewe hutuambia kila mwaka kwamba chanzo kikubwa cha ajali ni makosa ya kibinadamu, ubovu wa magari unafuata kwa mbali. Sibishani nao. Ila nauliza, ajali yangu ingeandikwa upande gani? Aliyeandika "uzembe wa dereva" asingekosea hata kidogo. Na bodaboda? Ndiyo, najua, tutafika huko juma jingine. Ubovu wa mwenzako hautibu wa kwako.

Basi ninachokitaka mimi ni hiki. Ipo mashine ya kupimia breki, nayo si kitu cha ajabu. Ni miringo ya chuma iliyolazwa sakafuni. Gari linakanyaga juu yake, miringo inazunguka, dereva anafunga breki, na mashine inasoma kila gurudumu linashika kwa nguvu kiasi gani, la kushoto peke yake na la kulia peke yake. Pistoni yangu iliyoganda ingeonekana kwa dakika chache, mwaka mzima kabla ya Mpiji. Vifaa vya namna hiyo si vigeni nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kituo chake cha kukagulia magari. Tuanze na magari makuukuu, yenye miaka kumi na tano kwa mfano, na tuanze na huku pwani kwenye kutu. Tupime breki, usukani, matairi na taa, basi. Tusianze kumsumbua mtu kwa mkwaruzo wa rangi na taa ya ndani. Karatasi itoke kwenye mashine ikiwa na namba za kila gurudumu, mwenye gari apewe nakala yake, ili akitaka kubisha awe na cha kubishia. Anayepima asiwe na gereji wala duka la spea. Na aliyefeli apewe muda wa kwenda kwa fundi wake, hata kama ni yule wa chini ya mkungu, kisha arudi kupimwa tena pasipo kulipa mara ya pili. Ada iwe ya kumwezesha mwalimu mstaafu.

Kuhusu rushwa, siwezi kuwaahidi kwamba mashine hailiwi. Mtu anaweza kulipitisha gari pembeni mwa mashine na kuandika namba za gari jingine. Lakini kuandika namba za uongo kwenye karatasi yenye tarehe, saa na jina la aliyepima ni kazi nzito kuliko kuuza stika, na siku ajali inapotokea karatasi hiyo inaweza kwenda mahakamani. Stika haina cha kusema mahakamani. Nilimwambia mwalimu hivyo. Akanijibu, "Tutaona," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia tukisema kazi ya nyumbani tumeisahau kwenye basi.

Wakati huo haujafika, na sheria ya namna hiyo hatunayo. Kwa hiyo kwa wale mnaotoka kesho Jumapili kwenda Bagamoyo kupunga upepo, yapo mambo machache ya kutazama bila ya mashine wala gharama. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki na uishikilie kwa nguvu kwa muda wa nusu dakika. Ikiwa inashuka pole pole chini ya mguu, usiondoke. Tazama chupa ya mafuta ya breki kwenye injini, usiridhike na kuongeza tu kila yanapopungua, uliza yanakokwenda. Gari likivuta upande unapofunga breki, usiisingizie barabara kama mimi. Na tairi, hata lenye meno mazuri, lina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne baada ya herufi za DOT: 2309 maana yake ni juma la ishirini na tatu la mwaka 2009. Nilipozisoma za kwangu, moja lilikuwa limemzidi binti yangu umri.

Mzee wa mkaa nilimtembelea tena Kerege. Baiskeli mpya anaipenda, ila anasema breki zake ni kali mno, zilitaka kumrusha. Binti yangu naye hukubali kupanda gari, hilo nashukuru. Lakini tukifika mwisho wa Bunju na barabara inapoanza kuinama kuelekea mtoni, huacha chochote anachokifanya, akainama mbele kati ya viti viwili, akautazama mguu wangu wa kulia mpaka tuvuke daraja.